Mkopo Umetoka, Mbona Kijana Hajaenda Chuo? Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Ada na Gharama za Masomo

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja: kijana amefaulu, amechaguliwa, halafu chuo kinafunguliwa yeye bado yuko nyumbani. Tumechagua sita, tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

*Binti yangu amedahiliwa shahada ya miaka mitatu. Ada ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Bodi ya Mikopo imempa asilimia 60 ya ada, chakula na malazi, na fedha za vitabu. Jirani ananiambia nisihangaike, serikali imeshamaliza. Mbona fomu ya kujiunga ina orodha ndefu ya malipo?*
— Mzazi, Kahama

Jirani yako hajui kwamba mkopo si fedha moja. Ni mafungu, na kila fungu lina njia yake. Fungu la ada haliguswi na mwanafunzi, linakwenda chuoni moja kwa moja. Asilimia 60 ya 1,300,000 ni 780,000, kwa hiyo 520,000 ni zako. Fungu la chakula na malazi huhesabiwa shilingi 10,000 kwa siku na hutolewa kwa vipindi vya siku 60 hivi. Ndilo wanafunzi wanaloliita bumu, na kwa hesabu hiyo ni 600,000 kila linapotoka. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka.

Bumu la kwanza haliji kwa sababu tu jina limetoka. Sharti binti awe amesajiliwa chuoni, jina lake liwe kwenye orodha ya malipo, namba ya akaunti ya benki iwe sahihi, na athibitishe kupokea fedha kupitia mfumo wa kidijitali wa Bodi. Na chuo nacho hakimsajili mtu mikono mitupu. Bumu linasubiri usajili, usajili unasubiri fedha, na wazazi wengi wanakuja kuligundua hilo siku ya pili baada ya kufika.

Tupige hesabu ya siku ya kwanza. Vyuo vingi hukubali ada ilipwe kwa mihula, kwa hiyo nusu ya 520,000 ni 260,000. Ongeza ada ya uhakiki wa ubora ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, 20,000. Bima ya afya ya mwanafunzi kwa miaka mingi imekuwa 50,400. Tazama fomu ya mwaka huu inasemaje, na kama binti ana kadi ya bima iliyo hai kupitia kazini kwako, aende nayo ili asilipishwe mara ya pili. Kisha kuna kitambulisho, usajili, serikali ya wanafunzi na mitihani. Kila chuo kina viwango vyake, tuchukulie jumla ni 80,000. Hapo tumefika 410,400.

Bado hajalala popote. Hosteli za chuo kwa kawaida ni nafuu lakini hazitoshi, na mtaani wenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Chumba cha 60,000 kwa miezi sita ni 360,000. Chakula cha wiki nne za kusubiri bumu, akipika mwenyewe kwa 6,000 kwa siku, ni 168,000. Jumla sasa ni 938,400, na hatujaweka nauli, godoro, neti wala ndoo.

Kwa hiyo tunaposikia kwamba ada imewashinda watu, tunauliza kwanza imewashinda lini. Mzazi anayeshindwa kutoa 520,000 mara nyingi ni yule yule ambaye angeweza kuzilipa kidogo kidogo kwa miezi kumi. Linalomwangusha ni kudaiwa hizo na nyingine zote ndani ya wiki moja, tena mwishoni mwa mwaka, wakati mpunga wa Kahama ulishauzwa tangu mavuno kwa bei ya chini.

Fanya hivi. Kabla ya safari, binti amwandikie mshauri wa wanafunzi na ofisi ya fedha ya chuo, aambatishe ukurasa wa mkopo unaoonyesha asilimia 60, aombe kusajiliwa kwa kulipa sehemu na amalizie kwa tarehe atakayoitaja mwenyewe. Barua yenye tarehe husikilizwa kuliko machozi ya dirishani. Malipo yote yapite kwenye namba ya malipo iliyotolewa na mfumo wa chuo. Anayetaka utume kwenye simu yake ili "akuharakishie" ni tapeli, hata kama amevaa kitambulisho shingoni. Mwisho, akipata mabumu mawili ya muhula wa kwanza atenge 130,000 katika kila moja, na 260,000 ya muhula wa pili itakuwa imepatikana. Wengi hawafanyi hivyo, wananunua simu, na Machi tunapokea barua nyingine.

*Nimemaliza kidato cha sita. Kaka yangu aliomba mkopo mwaka juzi akakosa kabisa, na baba yetu alishafariki. Nifanyeje nisikose kama yeye?*
— Mhitimu, Tunduru

Kijana wetu, pole kwa msiba. Yawezekana kaka yako hakukosa kwa sababu ana uwezo, ila kwa sababu karatasi zake hazikusema kwamba hana. Mfumo haujui uyatima wako. Unajua namba ya cheti cha kifo kilichohakikiwa, basi.

Anza na vyeti, usianze na fomu. Cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Waliozaliwa Zanzibar huhakikiwa na wakala wa usajili wa huko. Dirisha la mkopo likishafunguliwa nchi nzima inakimbilia huko, majibu yanachelewa, kwa hiyo peleka mapema. Linganisha majina herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita. Kama kimoja kinasema Athumani na kingine Athuman, shughulikia kiapo cha majina sasa, usingoje kuulizwa.

Halafu fungua akaunti kwenye mfumo wa maombi wa Bodi, ule wa OLAMS. Ada ya maombi imekuwa 30,000, hulipwa mara moja na hairudishwi. Namba ya mtihani ya kidato cha nne utakayoweka iwe ile ile uliyoombea chuo. Waliorudia mtihani hunaswa hapa: chuo wameombea namba ya mwaka mmoja, mkopo namba ya mwaka mwingine, na mifumo miwili inawaona kama watu wawili. Ukiwa na namba zaidi ya moja, ziweke zote panapotakiwa.

Fomu ikishachapwa inahitaji sahihi yako, ya mdhamini mwenye kitambulisho kinachotambulika, ya kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa pamoja na muhuri, na ya kamishna wa viapo, yaani hakimu au wakili. Pitia kila ukurasa. Ukurasa mmoja usio na sahihi unatosha kuliangusha ombi zima. Unapozipandisha kurasa kwenye mfumo, zisiwe picha za simu zilizopigwa gizani. Kisha bonyeza mpaka hatua ya mwisho ya kuwasilisha, maana wapo waliokaa miezi mitatu wakisubiri majibu ya ombi ambalo halijawahi kutumwa.

Ushahidi unaobeba uzito zaidi ni vyeti vya vifo, namba ya kaya ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama mnanufaika, na fomu ya ulemavu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Jambo moja linasahaulika sana: kama ulisoma sekondari ya binafsi kwa kufadhiliwa, ambatisha barua ya mfadhili. Bila barua hiyo, shule uliyosoma itakuhesabu kuwa mtoto wa mwenye nacho. Hatungeshangaa kama hilo ndilo lililompata kaka yako.

Mikopo hutangazwa kwa awamu, kwa hiyo kutokuwemo katika ya kwanza si kukosa. Ukikosa kweli, subiri dirisha la rufaa, ila rufaa ni ya kuleta ushahidi ambao haukuwepo. Kurudia maelezo yale yale hakubadilishi kitu. Na ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa wakati. Mkopo hufuata chuo ulichothibitisha, na anayehama baadaye hutangulia yeye, mkopo ukafika nyuma.

*Huku Uingereza ada ilipandishwa mara tatu kwa mkupuo mwaka 2012, lakini vijana wameendelea kujaa vyuoni. Nyumbani ikipanda kidogo watu wanaacha. Ni uvivu wa kukopa au nini?*
— Msomaji, Leicester

Uvivu haumo, ndugu yetu. Tazama pesa zinadaiwa saa ngapi.

England ilianza kutoza ada mwaka 1998, kiwango cha juu pauni 1,000, na aliyetakiwa kulipa alilipa mwanzoni mwa mwaka. Mwaka 2006 ikawa pauni 3,000, lakini malipo yakasogezwa hadi baada ya kuhitimu. Mwaka 2012 ikapanda hadi 9,000 kwa utaratibu huo huo: serikali inakilipa chuo, mwanafunzi haonyeshi hata senti langoni, na anakuja kukatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi kiwango fulani, kama amekipata. Idadi ya waliojiunga ilishuka mwaka ule wa kwanza, kwa sehemu kwa sababu wengi waliwahi 2011 ili kuikwepa, kisha vijana wa miaka 18 wakarudi wakaongezeka.

Lakini usiishie kwa vijana hao. Wanaosoma huku wakifanya kazi, na watu wazima wanaorudi shule, walipungua vibaya na hawajarudi kama walivyokuwa. Mtu wa miaka 35 mwenye watoto na kodi ya nyumba haupimi mkopo kama mtoto wa miaka 18. Bei ikipanda, jumla ya wanafunzi yaweza kusimama pale pale huku aina ya waliomo darasani ikibadilika kabisa. Kwetu pia ndivyo ilivyo. Athari ya gharama huonekana kwanza katika nani anachagua kozi gani, kwa sababu udaktari wa miaka mitano unaachwa kwa stashahada ya miaka mitatu iliyo karibu na nyumbani. Baadaye huonekana kwa wanaoahirisha mwaka, na kwa wanaotoweka baada ya muhula wa kwanza. Hao wa mwisho hesabu ya udahili huwahesabu kuwa wameingia.

*Mwanangu ameitwa chuo kikuu. Barua inasema gharama ya masomo ni Sh240,000 kwa mwaka. Mimi nilisikia karo ya vyuo vya umma ni Sh16,000. Tumwache akae?*
— Mzazi, Kitui

Mama au Baba, msimwache akae. Zile Sh16,000 ni za utaratibu wa zamani wa Kenya, ambapo serikali ilikilipa chuo sehemu kubwa kimya kimya na mzazi akaonyeshwa kipande chake tu. Mfumo uliotangazwa Mei 2023 unaandika gharama yote kwenye barua, kisha unaigawa kati ya ufadhili, mkopo na familia. Wazazi wengi waliishia kusoma mstari wa kwanza.

Kwa mgawanyo wa makundi matano ya uhitaji wa familia uliotumika 2024, kundi la kwanza hupata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. La tatu ni 50, 30 na 20. La tano ni 30, 30 na 40. Mwanao akiwekwa la tatu, katika 240,000 ufadhili ni 120,000, mkopo 72,000, na nyinyi mnabaki na 48,000, yaani 24,000 kwa muhula. Juu yake kuna mkopo wa kujikimu wa 50,000 kwa mwaka. Akiwekwa la tano, sehemu yenu inaruka hadi 96,000. Kwa hiyo kundi lina uzito kuliko karo yenyewe, na ndilo linaloleta malalamiko mengi.

Tahadhari mbili. Ufadhili na mkopo haviji vyenyewe, lazima aombe kupitia tovuti ya mfumo huo baada ya KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, kumpangia chuo. Asiyeomba huandikiwa gharama nzima. Na akiwekwa kundi lisilomfaa, akate rufaa akionyesha yaliyobadilika au yasiyoonekana: mzazi aliyepoteza kazi, ndugu wengine walio chuoni, ugonjwa wa muda mrefu. Mfumo huu umepitia misukosuko, Mahakama Kuu iliupinga Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikasitisha hukumu hiyo, na Julai 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo. Fuateni barua ya mwaka wenu, si ya mtoto wa shangazi.

Pengo la 24,000 liombeeni basari ya eneo bunge mapema. Hundi yake huandikwa kwa jina la chuo, na huchukua muda, kwa hiyo chuo kionyeshwe barua ya kukubaliwa wakati mnasubiri. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya Kenya, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na asiyeanza kulipa kwa wakati hupigwa faini ya Sh5,000 kila mwezi. Mwanao alijue hilo kabla ya kusaini.

*Mdogo wangu amekataa kuomba mkopo. Anasema bora bodaboda kuliko kukatwa mshahara maisha yake yote.*
— Dada mtu, Mbagala

Anachokiogopa kilikuwepo, ila kimebadilika. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2016 makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kutoka 8. Hadi 2021 deni liliongezwa pia asilimia 6 kila mwaka ili kulinda thamani yake, na anayechelewa alitozwa asilimia 10. Hizo mbili za mwisho zimeondolewa.

Tumchukue yule binti wa Kahama. Kwa miaka mitatu atapata ada 2,340,000, chakula na malazi takriban 7,200,000 kwa siku 240 za kila mwaka, na vitabu 600,000. Deni ni 10,140,000. Akiajiriwa kwa mshahara wa msingi wa 750,000, makato ni 112,500 kwa mwezi, na deni linaisha kwa miezi 90 hivi, miaka saba na nusu. Mshahara ukipanda, muda unafupika. Chini ya utaratibu wa zamani, ile asilimia 6 ingeongeza 608,400 mwaka wa kwanza peke yake, karibu nusu ya alichokilipa mwaka huo. Waliohitimu wakati ule walikuwa na haki ya kunung'unika, na mdogo wako bila shaka alisikia kutoka kwao.

Miaka saba na nusu si michache, hatumfichi. Lakini bodaboda nazo nyingi ni za mkataba, zimekopwa, na marejesho yake ni ya kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Akae na karatasi apange hesabu mbili hizo upande kwa upande kabla hajakataa.

*Mkopo nimekosa, rufaa nimekosa. Nimeamua nisiripoti, nitaomba upya mwakani. Kuna ubaya?*
— Mdahiliwa, Iringa

Ubaya upo katika kunyamaza. Nafasi ya asiyeripoti hufutwa, na mwakani unaanza upya ukishindana na wahitimu wapya, ambao wameongezeka tangu ada ya kidato cha tano na sita ilipofutwa 2022. Vyuo vingi huruhusu kuahirisha mwaka, lakini kwa aliyesajiliwa tu. Uliza chuo chako kiasi cha chini cha kujisajili ni kipi. Kama unakipata, jisajili, kisha omba kuahirisha ndani ya muda uliopangwa.

Kama hata hicho hakipatikani, angalia njia mbili. Chuo Kikuu Huria hutoza kwa masomo unayoyachukua, unaweza kuanza na machache huku unafanya kazi. Au stashahada: mikopo ya ngazi hiyo ilianza mwaka wa masomo 2023/24 kwa fani zilizopewa kipaumbele, na ukimaliza na wastani wa 3.0 unaweza kuomba shahada.

Ukichagua kuahirisha, barua iwe na namba ya usajili, sababu, na tarehe unayokusudia kurudi. Nakala moja mpe afisa mikopo wa chuo, ili ukiomba tena isionekane ulitoroka. Nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo mkononi.